Kondo Nyuma ya Jiko

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipokabidhiwa ndoo. Ndoo ndogo ya plastiki, imefunikwa.

"Kondo la nyuma," mkunga alimwambia kwa sauti ya chini. "Mama mtoto alisema mtalizika wenyewe."

Mkewe alisema hivyo asubuhi, kabla damu haijakataa kukatika. Sasa yuko chumba cha maiti, kichanga kiko mikononi mwa mama mkwe, na fundi anarudi nyumbani na ndoo kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa. Machozi hayakuja. Aliyasubiri njia nzima, kisha akaacha.

Akachimba nyuma ya jiko. Udongo mgumu, jembe butu.

Ndipo harufu ikamfikia... dawa ya hospitali, na ndani yake maziwa.

"Shimo fupi hilo. Mbwa watafukua."

Sauti aliijua. Ndiyo iliyomgombeza miaka yote kwa kuacha pini kitandani. Hakuinua uso. Aliona miguu peku, na pindo la kanga alilolishona mwenyewe.

Angekimbia. Lakini hata woga unataka kumkuta mwenyewe nyumbani, na yeye hakuwemo.

Akampa jembe.

Kop... kop... kop... Mkewe alichimba bila kuhema.

"Mtoto umempa jina?"

"Bado."

"Usimpe."

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama mkwe. "Mwanangu, mtoto alikuwa analia, amenyamaza ghafla. Ananyonya, na hakuna anachonyonya."

Fundi akageuka.

Hakukuwa na mtu. Ndoo tupu, kavu. Shimo limefukiwa na kushindiliwa kwa nyayo.

Mkewe alizikwa kesho yake. Waliomwosha walimnong'oneza fundi kwamba kucha za marehemu zilijaa udongo. "Eeh," akaitikia. Wakatazamana.

Miezi imepita. Mtoto hajakubali chupa hata siku moja, na bado ananenepa, mashavu yanang'aa. Halii kamwe. Kila magharibi hugeuza kichwa upande wa jiko, midomo ikacheza, koo likameza. Mama mkwe humfuta maziwa kidevuni. Jina hana.

Jana jioni mama mkwe alimfuata fundi kwenye cherehani.

"Kondo ndilo lililomlisha tumboni," alisema. "Labda halijaambiwa kwamba kazi imekwisha."

Fundi aliendelea kushona.

"Ameanza kutambaa, mwanangu."

"Anaelekea wapi?"

"Wewe unadhani wapi?"

Mashine ikasimama. Mtoto alikuwa ameshafika sebuleni, tumbo chini, anajivuta kuelekea mlango wa nyuma. Fundi akamtangulia, akaukomea.

Mtoto akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia.

Nje, nyuma ya jiko, kitu kikamwitikia kwa kilio kilekile... chini, mbali, kama kimefunikwa.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Fundi akabaki amesimama, mkono juu ya komeo, akisubiri kuogopa.