Uso Peke Yake

Saa 4:00 asubuhi. Chumba cha nyuma, karakana ya fremu, Siena.

Nevio alitandaza mezani picha za michoro mitatu ya wanawake. "Tumwibe yupi?"

"Huyu." Loredana aligusa yule mnene.

Gualtiero, dereva wao na mdogo wake Nevio, akacheka. "Bonge hilo? Bora huyu mwembamba wa dhahabu."

"Huyo mtakatifu," Nevio alisema. "Enzi zake mwili ulikuwa aibu, uzuri ulikaa machoni. Huyu wa kati wakampima kwa bikari, uzuri ukawa hesabu. Baadaye wakataka nyama. Nyama nayo ikachuja. Mtu akampaka huyu mnene rangi tumboni, apate kiuno."

Loredana alijua. Alikuwa fundi wa kukarabati michoro. Miezi kumi na moja aliibandua rangi ile ya uongo, punje kwa punje, hadi tumbo likarudi. Mwenye jumba la sanaa akasema kamharibia mchoro, akamfukuza. Mwanamke yule akatupwa stoo, uso ukutani.

"Tunamtoa mzima," alisema.

"Mzima, dada. Neno langu hilo."

Saa 7:10 mchana. Nyuma ya jumba la sanaa.

Walinzi walikuwa wanakula. Loredana alibonyeza namba za mlango wa nyuma. Hazikuwa zimebadilishwa.

Saa 7:16. Stoo.

Nevio alimgeuza mwanamke, akatoa kisu.

"Unafanya nini?"

"Mteja anataka uso peke yake. Tumbo hilo nani atalitundika?"

"Uliniahidi, Nevio."

"Nilitaka ufungue mlango."

Kisu kikazama juu ya bega. Rangi ikapukutika sakafuni. Loredana akaudaka mkono wake. Kisu kikampasua kiganja. Alirudi nyuma hadi ukutani, akabonyeza kengele ya hatari kwa kiganja kilekile kinachovuja damu.

Milango ya chuma ikajifunga.

Saa 7:18.

Nje, gari liliunguruma. Nevio akakimbilia kwenye nondo za dirisha. Gualtiero hakugeuka hata kutazama.

"Kaniacha," Nevio alisema taratibu. "Mdogo wangu, tumbo moja." Kisha akamgeukia Loredana. "Na wewe utafungwa, mjinga wewe."

"Najua."

Akapiga magoti mbele ya mchoro. Kwa mkono mzima alishikilia turubai pale lilipochanika, rangi isizidi kupukutika. Alikuwa bado ameshikilia hivyo viatu vya polisi viliposikika ukumbini.