Vina vya Kubuni

Rafiki yangu mpima mito hajawahi kunisimulia haya akinitazama usoni.

Mwaka ule alikuwa akichora ramani ya mto. Mashine moja ilimwonyesha mahali alipo kwa setilaiti, nyingine ikipima kina kwa mlio wa kidude kinachoshushwa majini. Ikabaki kona moja. Mvua ilipotanda, uvivu ukamshika, akarudi nyumbani. Kwenye meza ya jikoni akabuni vina vya kona ile, na kichwa kilipogoma kumpa namba, akafuata tarakimu za namba ya simu ya shemeji yake. Sifuri ya mwanzo akairuka: mita saba, tano, sita, nane, hadi mwisho. Nani atajua?

Shemeji huyohuyo, nahodha wa mashua ya mizigo, akaiamini ramani. Mashua ikapasukia mwambani konani pale, na mwenyewe hakuonekana tena.

Msibani mke wa nahodha alimwambia rafiki yangu, "Afadhali ramani uliichora wewe. Ingekuwa ya mwingine, ningesema mume wangu alipotoshwa."



Baadaye rafiki yangu akarudi na mwendesha mashua kuipima kona kwa haki. Ulikuwa mchana wa jua kali, hivyo ili akione kioo cha mashine alijifunika turubai, giza likamzunguka. Mashine ikaanza kulia: tik, tik. Sifuri. Saba. Tano. Sita. Nane. Alizisoma moja moja hadi tarakimu ya mwisho.

Nje, mwendesha mashua akaligonga turubai.

"Kaka, kidude cha kupimia bado ninacho mkononi. Nikishushe majini sasa?"