Pikipiki Iliyonguruma Yenyewe

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka milimani juu ya Suji, Asteria aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akapakiwa na kaka yake kwenye pikipiki kwenda shuleni. Kaka yake, Hezroni, alikuwa dereva wa bodaboda. Alikuwa kijana mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuambiwa kwamba kila kazi ina fundi wake.

Jumamosi moja alirudi kutoka Same na mkono mpya wa resi, ule unaozungushwa ili pikipiki iongeze mwendo. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ukiuzungusha kidogo tu, pikipiki inaruka. Hezroni alitazama video mara mbili kwenye simu, akaondoa tangi la mafuta na kuanza kazi pale pale uwanjani.

"Asteria, mikono yako ni midogo," alisema. "Pitisha huu waya wa resi huku chini, uingie kwenye kishikizo."

Asteria alijaribu. Chuma kilimchubua vidole, na wenzake walikuwa wanamwita wakacheze rede. Akaupitisha waya pembeni, juu juu.

"Umeingia kwenye kishikizo?"

"Ndiyo, kaka."

Hezroni hakuchungulia. Alirudisha tangi, akawasha, na injini ikaitika vizuri. Wote wawili walifurahi.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito. Walishuka taratibu mpaka kwenye kona ya msitu wa matambiko, mahali ambapo watu hupita kimya na hakuna anayethubutu kukata kuni. Ndiyo kona kali kuliko zote njiani. Inakunja kushoto, na kulia kwake ni bonde. Hezroni alipogeuza usukani, injini ilinguruma ghafla na pikipiki ikaruka kuelekea bondeni. Alibana klachi na breki kwa nguvu zote, wakasimama hatua mbili kutoka ukingoni.

"Kaka, mbona umevuta resi?"

"Sijavuta," alijibu Hezroni kwa sauti ndogo. "Mkono wangu ulikuwa umelegea."

Msituni hakukusikika hata ndege.

Jumanne ikawa vilevile, tena pale pale. Jioni jirani yao, Mzee Fanueli, alisikia habari hizo, akatikisa kichwa. "Pale wamelala wazee wetu," alisema. "Hawapendi kelele zenu."

Asteria alipata nafuu moyoni, kwa sababu alikuwa ameanza kuuwaza ule waya. Kumbe ni wazee. Jumatano pikipiki iliponguruma tena, alifumba macho na kujiambia hivyo hivyo.

Alhamisi Mama alitakiwa hospitali ya Same, maana mguu wake ulikuwa umevimba vibaya. Njia nyingine hakuna. "Tutapita polepole, huku tunaomba Mungu," alisema Mama. Kwa kuwa hakuweza kutembea hadi barabarani, Hezroni aliileta pikipiki mlangoni, ikiwa imewashwa. Ukungu ulikuwa umefunika hata zizi la mbuzi. Mama akapanda. Hezroni akageuza usukani kushoto kabisa ili watoke uwanjani.

Pikipiki ikanguruma yenyewe.

Hezroni alibana klachi na kuinua juu mkono wake wa kulia. Hakuna aliyegusa resi, na bado injini ililia.

"Wazee wametufuata mpaka nyumbani," alinong'ona Mama.

Asteria aliinama. Alitazama chini ya tangi, akauona waya umekaza kama kamba ya mbuzi mkaidi.

"Zima, kaka," alisema, akaanza kulia. "Si wazee. Sikuupitisha waya kwenye kishikizo. Nilikudanganya."

Hezroni alizima. Aligeuza usukani kulia, waya ukalegea. Akaugeuza kushoto, ukakaza na kuivuta resi wenyewe. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa. "Na mimi sikukagua," alisema. "Siku tatu nimepakia watu hivi hivi."

Alimpigia simu fundi Isihaka, naye akapanda mlima kutoka Same. Fundi aliupitisha waya panapotakiwa, akawasha injini na kugeuza usukani pande zote mara kumi. Injini ilitulia.

Kabla ya kuondoka, Mama alimwita Asteria, ambaye alijua fika kwamba fimbo inakuja.

"Mwanangu, mguu huu niliwaficha wiki mbili, nikisema siumwi, na unaona ulivyo sasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa lako la Jumamosi lilikuwa dogo, lingerekebishwa kwa dakika tano. Lakini ulimwona kaka yako anaogopa, ukanyamaza. Hilo ndilo limeniuma. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Na wewe Hezroni, ukimtuma mtoto, kagua alichofanya."

Pikipiki ikatokomea ukunguni. Asteria alisimama akisikiliza mpaka wakafika kwenye kona. Injini ilipunguza mwendo, ikapita taratibu, ikaendelea kushuka. Ndipo alipokwenda kupiga hodi kwa Mzee Fanueli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unasemaje?"

"Wazee hawakufanya kitu, babu. Nilifanya mimi."