Mstari Mwekundu kwenye Skripti

Alhamisi ya tarehe 14 Juni 2012, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, gari la wagonjwa wa macho liliondoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda hospitali ya Mbarara, na koko Mukandoli, kama wote walivyomwita bibi huyo, akabaki penye ubao wa matangazo. Daktari alikuwa amemwambia jicho lake la mwisho linaloona halitavuka wiki hii bila kupasuliwa. Orodha ilisomwa mara mbili. Jina lake halikuwamo, ingawa alijiandikisha wa kwanza.

Kalume, msimamizi wa ofisi ya kambi, akaifungua skripti, programu fupi inayopanga orodha. Ilikuwa ya lugha ya kompyuta iitwayo shell, na ndani yake mmepachikwa msimbo wa lugha nyingine, awk. Humo akakuta mstari mgeni: kadi ya Mukandoli irukwe. Kila kompyuta ya ofisi ingeweza kuifikia skripti hiyo, lakini mwandishi wake alikuwa Bienfait, fundi wa programu, na hakuna mwingine aliyekiri kuijua awk. Saa mbili Bienfait alikuwa ndani ya kontena la polisi lililotumika kama mahabusu, kompyuta yake imefungiwa kabatini.

Inspekta Zahara alifika kutoka Mbarara saa tano. Saa saba gari lake lingerudi na mtuhumiwa. Karatasi za mahabusu zilishaandaliwa. Haraka hiyo ilimkera.

Alianza na Kalume, mwenye funguo zote.

"Ssebo, bwana Kalume, jana ulikuwa wapi?"

"Isingiro, mkutanoni, mpaka usiku. Uliza dereva."

Dereva akathibitisha. Akafuata Ulrich, karani wa kompyuta.

"Nilimuona na macho yangu, afande. Jana saa kumi nilipita nyuma yake, anaandika numero ya koko."

"Kwa kompyuta yake mwenyewe?"

"Yake, ile ya zamani. Maandishi ya awk yote nyekundu, na ule mustari nyekundu. Siwezi kusahabu."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Siko mutu wa kuchongea benzangu."

Zahara akaandika, Ulrich akatia sahihi.

Kontena lilichemka kama sufuria. Shati la Bienfait lilikuwa limeloa.

"Nitajitetea namna gani? Ni miye peke naandika awk. Hata miye ningekuwa polisi, ningejifunga."

Zahara akampa kompyuta yake, iliyotolewa kabatini. "Fungua hiyo skripti."

Maneno ya shell yalikuwa meupe. Awk iliyo ndani ilikuwa ya buluu, kijani na manjano.

"Nyekundu iko wapi?"

"Haiko, afande. Ekra hii, kioo cha kompyuta, imezeeka, nyekundu haionekane. Kihariri, ile programu ya kuandikia, kilikuwa kinapaka awk yote rangi moja, nyekundu, juu ya vile kinaona ni maneno tu katikati ya alama za nukuu. Nikaandika sheria zangu, kijue mule ndani kuko luga ingine. Wiki sita! Banacheka, banasema napamba kompyuta sawa bibi arusi."

Faili la sheria hizo lilikuwa la mwezi Machi.

Saa saba kasoro robo, mbele ya Kalume, Zahara alimtaka Ulrich aifungue skripti kwenye mashine yake. Awk yote ikatokea nyekundu.

"Sasa kwa ya Bienfait."

Ulrich akafungua. Akaitazama ile buluu na kijani, akaitafuta nyekundu juu na chini.

"Nyekundu uliona kwa mashini yako, ssebo, si hii. Awk nani alikufundisha?"

"Bienfait." Ulrich alikaa chini. "Fasi ku orodha zilikuwa makumi ine. Muke wangu Divine alikuwa wa makumi ine na moja. Saa hii banamupasua. Andika yote, afande, ila musimutoshe ku kitanda."

"Kwa nini koko?"

"Hana mutoto, hana ndugu. Niliona hakuna mutu atauliza."

Zahara alimhurumia, akajichukia kwa kumhurumia, kisha akamtia pingu. Alipiga simu hospitali. Divine angebaki kitandani, na walikubali mgonjwa mmoja zaidi, akifika kabla ya saa kumi.

Bienfait akatolewa kontenani. Alimshika koko mkono, akampandisha kwenye gari la polisi. Koko akapapasa kiti, akagusa mkono wa koti la aliyekaa pembeni.

"Ni nani? Nawe unaenda juu ya kupasuliwa macho?"

"Ndiyo, koko," Ulrich akasema.

"Basi unishike, miye sioni njia."

Ulrich akaivutia pingu ndani ya mkono wa koti, akampa vidole tu.