Mjane wa Mnara wa Kijani

Mchana wa Juni, mbele ya ile sanamu kubwa ya chuma ya Chicago iitwayo Harage, watu walikuwa wamejaa kama siafu juu ya mfupa. Kila mmoja alitafuta sura yake kwenye ule mgongo unaong'aa, na kila mmoja alitaka mwenzake ampige picha. Cornell Mabry alipita katikati yao na vipeperushi vya boti ya watalii aliyokuwa msimulizi wake mkononi, fulana nyeupe ya kazi imembana kifua, kofia ya bluu ameigeuza nyuma. Alikuwa na sauti. Mungu hakumpa nyumba wala gari, alimpa sauti, na yeye hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

"Dada, umewakata vichwa," alisema.

Msichana mwenye gauni la njano aligeuka. Alikuwa ameshika simu ya familia moja ya wageni waliomwomba awapige picha. Nywele zake za rangi ya shaba alizifunga kisogoni, akazichomekea kalamu.

"Nimewakata miguu. Vichwa vipo. Angalia kabla hujasahihisha watu."

"Miguu nayo ni mali ya mtu."

"Haya, shika wewe, fundi."

Cornell akashika, akapiga. Picha ikatoka na kidole chake kimemfunika babu wa ile familia kuanzia kifuani kwenda juu.

"Umemla babu wa watu," alisema msichana, na kicheko chake kikatoka kwa ghafla, kama kitu kilichokuwa kimefungwa.

Aliitwa Halina Sobczak, msaidizi wa daktari wa meno. Alizaliwa mji huu huu, na hakuwahi kupanda boti ya watalii hata mara moja.

"Boti ni za wageni," alisema. "Wenyeji tunapita juu ya daraja, tumechelewa kazini."

"Basi unaishi kwenu na sebule huijui. Nitakuonyesha."

Akamwonyesha. Majira yote yale ya joto walizunguka mji kama watu walioshuka treni jana. Walipanda gurudumu kubwa la bembea la gatini, Halina akafumba macho mpaka chini. Walisimama kwenye kibaraza cha kioo juu kabisa ya jengo, magari chini ya nyayo zao yamekuwa punje za mtama. Jioni walikaa kando ya chemchemi ya bustanini, upepo wa ziwa ukawarushia maji, gauni likamganda Halina mwilini na Cornell akasahau idadi ya mabomba aliyokuwa akimhesabia.

"Endelea, Bwana Kipaza," Halina alimtania. "Umefika bomba la ngapi?"

"Nimefika kwako."

"Uongo huo umewaambia wangapi?"

"Wengi. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuwa kweli."

Kitu kimoja tu Cornell hakukielewa. Kila walipokaa kando ya mto, Halina aliugeuzia mgongo mnara mmoja wa vioo vya kijani uliosimama kwenye kona ya maji. Jioni moja, wakila mikate ya soseji kwenye ngazi za mtoni, akamuuliza.

Halina alikunja karatasi ya chakula mpaka ikawa ndogo kama tembe.

"Baba yangu alikuwa fundi wa vyuma pale. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Akaja nyumbani akasema ameandika jina langu kwa rangi nyeupe kwenye boriti, juu kabisa, kabla hawajaifunika. Nikatamba shule nzima. Haukupita mwezi akahamia Milwaukee kwa mwanamke mwingine. Hata buti zake hakurudi kuzichukua."

"Na mama yako?"

"Mama akiulizwa, anasema mumewe yuko kazini. Miaka ishirini yuko kazini." Akavuta pumzi. "Jina langu limo mle ndani, Cornell, na siwezi kulitoa. Sijamwambia mtu. Hili ni lako peke yako."

"Limeingia kaburini," alisema Cornell, na wakati ule alimaanisha.

Lakini kazi ya kusimulia ina shetani wake. Kila mwongoza watalii anajua: boti ikifika nusu ya safari, watu huchoka. Umewapa majina ya wachoraji wa majengo, umewapa urefu wa minara, wanapiga miayo na kuulizana chooni ni wapi. Hapo wanataka machozi au damu. Siku moja ya mvua, abiria wamekunyata kama kuku, Cornell aliuona mnara wa kijani ukija, na ulimi wake ukamtangulia.

"Mnauona ule? Fundi mmoja aliandika jina la binti yake kwenye boriti, ghorofa ya arobaini. Brashi ikiwa bado mkononi, upepo wa ziwa ukamchukua. Mkewe hadi leo huja kila mwaka kutupa maua hapa tunapopita."

Abiria wakaacha kupiga miayo. Wanawake wawili wakafuta macho. Doyle, nahodha mzee mwenye masharubu ya njano ya tumbaku, akainua kidole gumba kutoka kwenye usukani.

"Hiyo usiiache, kijana," alisema walipofunga kamba.

Hakuiacha. Aliisimulia Julai, akaisimulia Agosti, kila mara akiipaka rangi zaidi. Moyo ulipomsuta aliujibu kwa kiburi: sikutaja jina. Tena nimempa baba mwema kuliko yule aliyekuwa naye.

Septemba, siku ya kuzaliwa kwa mama yake, Halina alikata tiketi mbili bila kumwambia Cornell. Alitaka kumshtua. Walikaa nyuma, mama amevaa gauni lake la zambarau la kanisani na rangi ya mdomo. Jua lilikuwa usoni mwa Cornell. Alipowatambua, fundi wa hadithi yake alikuwa tayari ameshika brashi.

Na hapo ndipo alipokosa. Angeweza kukohoa. Angeweza kuonyesha ndege. Lakini boti nzima ilikuwa imezuia pumzi ikimsubiri, na Cornell Mabry hakuwahi kuacha watu wakisubiri. Akamwangusha fundi. Akatupa maua.

Gatini, Halina alisubiri mpaka abiria wa mwisho akashuka.

"Umemuua baba yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mpenzi, nisikilize. Sikutaja jina."

"Ulipotuona, ulinyamaza?"

"Watu walikuwa wananisubiri."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri."

Mama yake, Regina, alisimama kando akiangalia maji. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Cornell hakuweza kukisoma. Haikuwa hasira.

Baada ya hapo simu ya Halina iliita bila kupokewa. Cornell alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga akiwa amesimama nje ya kliniki akiangalia kivuli cha Halina kwenye pazia. Mara moja tu Halina alipokea.

"Unataka nini?"

"Kukusikia."

"Kusikia unajua sana. Sasa hivi nikitaka kukuambia kitu, hata kwamba nimelala vibaya shingo inauma, najiuliza: watalii watakipenda hiki?" Akakata.

Cornell akaacha kuisimulia. Boti ilipofika kwenye mnara wa kijani, aliutaja urefu wake na kupita. Doyle alivumilia siku chache.

"Watu wamesoma walichoandika wenzao kwenye mtandao. Wanakuja kwa ajili ya yule fundi. Jumamosi usipomwangusha, Jumatatu usije."

Jumamosi boti ilijaa. Kiti cha mbele kabisa alikaa Regina Sobczak, kofia kichwani, na pembeni yake mama mwingine mwenye kofia.

"Kijana, njoo," aliita. "Huyu ni Stefania, tunasali pamoja. Nimemweleza habari za marehemu."

"Marehemu gani, mama?"

"Mume wangu. Yule aliyeanguka."

Stefania alipogeuka kupiga picha daraja, Regina alimvuta Cornell mkono, akanong'ona. Kucha zake zilimwingia.

"Miaka ishirini nasema yuko kazini. Watu wanaitikia, kisha wanageuka kucheka. Wewe umenifanya mjane. Unajua mjane anavyosalimiwa kanisani? Muue tena. Nimelipa tiketi."

Boti ikaondoka. Cornell alisimulia madaraja, akasimulia ile minara miwili ya duara iliyofanana na magunzi ya mahindi, jasho likimtiririka mgongoni. Akisema, mama atapata heshima yake na yeye atabaki na kazi. Akikanusha, atamvua mwanamke huyu nguo mbele ya shoga yake. Na kokote atakakoelekea, ataligusa tena lile ambalo Halina alimwambia ni lake peke yake.

Mnara wa kijani ukatokea kwenye kona. Doyle akapunguza mwendo. Cornell aliinua kipaza sauti mpaka mdomoni, kisha akakizima.

Boti ikapita kimya. Injini ilikoroma, abiria wakatazamana, Stefania akamtazama Regina. Regina hakumtazama mtu. Waliporudi gatini, Doyle alinyoosha mkono, na Cornell akaweka kipaza sauti kwenye kiganja chake.

Oktoba ilishaanza kuuma masikio Halina alipomtumia ujumbe: darajani, saa saba mchana. Cornell aliwahi kwa upande wa kaskazini. Alimwona akija kutoka kusini, koti jekundu, skafu nyeusi, anatembea haraka. Kabla hajafika, kengele zikalia na vizuizi vikashuka. Ni msimu wa mashua za matanga kuondoka ziwani kwenda kulala mpaka majira ya joto, na daraja hufunguka kuzipisha. Barabara nzima ikagawanyika katikati, ikainuka angani na taa zake.

Simu ya Cornell ikaita.

"Nimefungiwa huku," alisema Halina.

"Nakuona."

"Mama anasema wewe ni mwoga usiye na ulimi. Anasema umemnyima marehemu wake."

"Bado amekasirika?"

"Sana. Stefania alimuuliza mbona kijana amenyamaza, mama akashindwa kujibu. Wakiwa kwenye treni akamwambia ukweli wote, akalia hadi kituo cha mwisho. Sasa kila siku huyo Stefania yuko jikoni kwetu. Kumbe mume wake naye alimkimbia, yuko Florida."

Cornell alitaka kucheka, akaogopa.

"Na wewe, Halina?"

Mashua ya kwanza ilipita kati yao, mlingoti wake ukipunga.

"Mimi nilikupa langu kubwa. Wewe hujanipa hata dogo. Unajua majengo ya watu na baba za watu. Niambie lako."

Mashua ya pili ikapita, na ya tatu.

"Sijui kuogelea," alisema.

"Nini?"

"Miaka minne juu ya mto huu na sijui kuogelea. Kila siku nashika chuma cha boti mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana nasema sana. Nikinyamaza, nayasikia maji."

Halina hakucheka.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Siku ile ulipozima kipaza sauti, uliyasikia?"

"Yote."

Mashua ya mwisho ikapita. Nusu mbili za daraja zikaanza kushuka polepole, zikashikana kwa mshindo uliosikika miguuni mwa watu. Vizuizi vikainuka, umati ukamiminika.

"Usivuke," alisema Halina. "Nikikuona karibu nitakusamehe kwa sababu ya macho yako, na mimi sitaki kukusamehe hivyo."

"Kesho?"

"Kesho utapiga, utaniambia jingine. Mimi bado sitakuambia kitu. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Sijakuuliza kama utajaribu."

"Nitaweza."

Watu walimpiga mabega wakipita, daraja liko wazi mbele yake, na Cornell alisimama pale pale ameshika ukingo. Koti jekundu liligeuka, likaingia kwenye umati, likapotea. Simu ilibaki sikioni. Alisikia viatu vya Halina juu ya lami, akasikia treni ikinguruma kwenye reli za juu ya kichwa chake, akasikia pumzi. Hakuna aliyekata.