Nepi Baridi

Nepi ilikuwa imelowa chapachapa, lakini ilikuwa baridi.

Kasiva akaishika tena. Mkojo wa mtoto hutoka na joto la mwili wake, hilo halihitaji shule. Huu ulikuwa kama maji ya kisima, na ulinuka udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi ile.

Akaiweka kwenye mizani. Nzito. Nzito vizuri tu.

Nzau wake alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, figo bado changa. Siku ya kutoka hospitali Sista Wacuka alimwambia bila kumung'unya maneno: "Mama Nzau, kila nepi uipime. Ikiwa nzito, figo zinafanya kazi. Nepi zikibaki kavu asubuhi nzima, usingoje mume wala pasta. Mlete mbio."

Kasiva akapima. Zote nzito. Na bado mtoto akazidi kuvimba, kope kwanza, kisha nyayo, hata ukimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo.

"Wewe nawe!" Everline, jirani yake pale Kaloleni, alimcheka mlangoni, mikono imejaa unga wa mandazi. "Asipokojoa ulie, akikojoa ulie. Si ananenepa tu?"

"Hebu shika hii."

Everline akashika, akanusa, mzaha ukamwisha. "Mama Nzau," alinong'ona, "nani anakojoa humu ndani?"

Kasiva hakupenda kuzungushwa, na watu wala na vitu vingine. Alimkabidhi Everline mtoto aende naye kwake. Kisha akakunja shuka likatosha ukubwa wa kichanga, akalivalisha nepi kavu, akalilaza kitandani na kuketi kwenye kigoda. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa dirishani, redio ya jirani inaimba nyimbo za kanisa, na katikati ya mwanga wote huo redio ikanyamaza, harufu ya udongo ikajaa chumbani, godoro likabonyea kando ya lile shuka kana kwamba kuna aliyejilaza taratibu asimwamshe mwenzake, na Kasiva akaiona nepi ikivimba kutoka katikati, polepole, polepole, huku kitu asichokiona kikishusha pumzi ya mtu aliyestarehe.

Alitoka mbio bila viatu.

Kwa Everline walimfungua Nzau. Nepi yake ilikuwa kavu kama karatasi.

"Haki ya Mungu nilipima, Sista!" Kasiva alilia hospitalini. "Zilikuwa nzito!"

"Sijakulaumu. Mshike kichwa, nitoe damu."

Majibu ya damu yalikuwa mabaya. Figo zilikuwa karibu kufunga. Wakamwekea dawa mshipani, Kasiva akainama juu ya kile kitanda kidogo akibembeleza: "Kojoa, baba. Kojoa tu, mama asikie."

Jioni Nzau akakojoa. Mkojo uliruka ukamlowesha Sista Wacuka kifuani, naye akacheka kwa sauti. "Wa moto kama chai! Sijawahi kufurahi hivi kukojolewa!"

Kasiva alikuwa bado anajifuta machozi, mtoto kifuani, simu ilipolia. Ilikuwa mumewe, Kilonzo, dereva wa lori, ndiyo kwanza amefika nyumbani kutoka safari.

"Kasiva, una akili kweli? Unamwachaje mtoto peke yake kitandani?"

Alimtazama Nzau. Alikuwa anapumua shingoni mwake.

"Baba Nzau," alisema polepole, "toka kwa hiyo nyumba."

"Nitoke niende wapi? Nimemkuta analia, amelowa, nimembadilisha. Hapa nimempakata."

"Mweke chini! Nzau niko naye hospitali. Nimembeba, unasikia? Mweke chini utoke!"

Kwenye simu kilisikika kisauti kidogo kikisema neno, kikangoja, kikalirudia.

Kilonzo aliponena tena, alinong'ona.

"Kasi... anauliza umempeleka wapi ndugu yake."