Kinyozi Aliyesafiri Nyumbani Kwake

Gari la kujifunzia udereva lilizima katikati ya njia panda saa ya watu kutoka kazini, pua imeelekea mlangoni pa kinyozi kana kwamba nalo limekuja kunyolewa. Nyuma yake honi zikaanza kugombana. Kwenye usukani alikuwa mzee mmoja mstaafu, jasho linamtoka mpaka miwani inamteleza. Pembeni yake alikaa mwalimu wake, mwanamke wa gauni la kijani na viatu vya chini, nywele kazifunga kwa nyuma, ametulia kama mtu aliye sebuleni kwake.

Kinyozi alitoka na mashine mkononi, akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Mtaani walimwita Nadhifu, na jina hilo hakulipata kwa kuomba. Mikunjo ya shati lake ungeweza kukatia mkate, na ndevu zake zilichongwa kwa mstari ambao wateja waliuonyesha kwa kidole wakisema, nipe kama huo. Uso wake ndio uliokuwa tangazo la biashara, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Alikuja na nia ya kusukuma. Mwalimu akateremsha kioo, akamwambia asiguse gari, mwanafunzi wake ataliwasha mwenyewe, ila kama ana nguvu za ziada akawasukume wale wapiga honi. Halafu akamgeukia mzee.

"Baba, kanyaga klachi. Hakuna anayetufukuza."

Gari likawaka, likaondoka kwa kudundadunda. Nadhifu akabaki barabarani anaiangalia namba ya nyuma kama mtu anayeikariri, hadi mteja wake alipotoka na kitambaa shingoni kumuuliza kama hiyo nusu iliyobaki ajinyoe mwenyewe.

Kesho yake gari lilipita tena. Keshokutwa likapita. Ungedhani barabara nyingine zote za mji zimefungwa. Siku mzee alipofaulu mtihani, mwalimu alimleta anyolewe, akakaa kwenye benchi akijifanya anasoma bango la mitindo ya nywele, na alipoondoka namba yake ilikuwa kwenye simu ya kinyozi.

Mapenzi yakaota hapo. Nadhifu alimwita Mwalimu, naye Mwalimu akamwita Fundi, na jioni walipigiana simu kuulizana mambo ambayo hata mtoto angeyamaliza kwa dakika moja: umekula, umekula nini, mbona umekula bila mimi. Wakipanga kutoka, Mwalimu ndiye aliyekuwa akisubiri garini huku Nadhifu akibadilisha mashati ndani. "Kati yetu wawili," alimwambia siku moja, "bibi harusi ni wewe." Nadhifu alicheka, lakini shati alibadilisha.

Kisha Mwalimu akasema mama yake anataka kumwona, Jumapili ya wiki ijayo. Mama huyo alimlea peke yake na hakuwa mtu wa mchezo. Mchumba wa kwanza wa bintiye alimkataa kwa sababu alidanganya jambo dogo, kwamba ameshakula, kisha akamaliza mkate wote. Nadhifu akaapa moyoni kwamba siku hiyo atakwenda amevaa akavalika, na atamwambia Mwalimu neno alilokuwa akilimeza miezi yote ile.

Wiki ilipoanza, homa ikamwangusha. Mwili ukauma kama aliyepigwa, na asubuhi ya pili alipojitazama bafuni aliona malengelenge kifuani, shingoni, na kwenye paji la uso. Daktari hakumtazama mara mbili. Tetekuwanga. Nadhifu akamwambia kwa heshima kwamba huo ni ugonjwa wa watoto. Daktari akamjibu kwamba watoto ndio wenye bahati, mtu mzima huupata kwa ukali zaidi. Akamwandikia dawa, akamwambia akae ndani mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magamba, akate kucha, asijikune. Wembe usiguse uso.

Hapo ndipo alipomkumbuka mtoto mmoja aliyeletwa na mama yake kunyolewa kama wiki mbili nyuma, anajikunakuna kichwa, mama anasema ni joto tu.

Dada yake, ambaye tetekuwanga ilimpata bwenini enzi za shule, akahamia kwake kumuuguza. Alimpaka losheni ya rangi ya waridi kutoka utosini hadi vidoleni, akarudi nyuma kuitazama kazi yake, akasema amepata keki lakini hajui sherehe ni ya nani.

Simu ikalia. Mwalimu. Nadhifu akaitazama, akakitazama kioo cha ukutani, na ulimi ukamteleza.

"Nimesafiri, mpenzi. Mjomba kaugua ghafla. Sijui nitarudi lini."

"Pole jamani. Na Jumapili?"

"Tuone."

Mwalimu akamtakia safari njema, akamwambia ajifunike, usiku kwenye basi kuna baridi. Alipokata simu, Nadhifu alijisikia vibaya kuliko homa yenyewe. Dada yake, aliyekuwa akisikiliza bila aibu yoyote, alimuuliza huyo mjomba ni yupi, maana wanaye mmoja tu na alionekana jana anakimbia mazoezi.

Kumbe uongo ule haukuwa na maisha marefu. Mchana mmoja mwasho ulimzidi, akasimama dirishani kifua wazi apunge upepo. Mtaa wao ulikuwa mtulivu, mzuri kwa mtu anayejifunza kurudi nyuma. Gari la kujifunzia likaja kinyumenyume, polepole, likasimama chini ya dirisha lake. Mwalimu akainua macho.

Nadhifu akachuchumaa. Mtu mzima, mwenye biashara yake, akatambaa kwa magoti mpaka jikoni.

Baada ya muda ujumbe ukaingia: "Mjomba hajambo?"

Alipiga, simu haikupokelewa. Alipiga tena na tena. Jioni ikapita bila ya yale maswali ya umekula nini, na Nadhifu akagundua kwamba hakuna mwasho unaoshinda simu iliyonyamaza. Alimwambia dada yake kwamba Mwalimu amekasirika kwa sababu ya uongo.

"Uongo upi?" dada akasema. "Toka umbali ule vipele havionekani. Ameona mwanamume anayejificha, na gauni langu limeanikwa dirishani. Wewe ungefikiri nini?"

Nadhifu hakuwa amelifikiria gauni. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta, mwisho akajirekodi sauti. Hakupamba. Alisema hakusafiri, ana tetekuwanga, gauni ni la dada yake, na uso wake umekuwa wa kutisha watoto. Alisema alitaka apone kwanza ndipo aonekane, na kwamba amekosa.

Simu ililia hapohapo.

"Una homa?" Mwalimu aliuliza.

"Imeshuka."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Vizuri. Sasa nisikilize, Fundi. Uliona bora nikuone mwongo kuliko nikuone mbaya. Hicho ndicho kilichoniuma. Gauni nililia nikamaliza, lakini hilo bado."

Mwalimu akasema anakuja. Nadhifu akamwambia haiwezekani, ugonjwa unaambukiza, labda kama aliwahi kuugua utotoni. Mwalimu hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu.

"Ngoja," akasema, na Nadhifu akasikia hatua, mlango, na sauti ya Mwalimu ikiuliza kwa upole uliozidi: mama, eti mimi niliwahi kuugua tetekuwanga? Halafu sauti nyingine, nzito, ikataka kujua kwa nini anauliza, na ni nani mwenye tetekuwanga, na kama ndiye yule aliyesafiri. Simu ikabadilisha mikono.

"Shikamoo mama," Nadhifu akasema, akajikuta amekaa wima kitandani.

"Marahaba. Unajikuna?"

"Hapana, mama."

"Unajikuna. Nakusikia."

Akautoa mkono mgongoni. Mama akamhoji dawa anazomeza, maji anayooga, nani anampikia. Kisha akauliza kama ni kweli alidanganya amesafiri. Nadhifu angeweza kusema alikuwa na homa, hakuwa na akili zake. Njia ilikuwa wazi kabisa.

"Ni kweli, mama. Nilidanganya kwa sababu ya uso."

Mama akasema Jumapili asithubutu kukanyaga kwake, ana mjukuu mchanga ndani ya nyumba. Lakini binti yake aliugua akiwa chekechea, yeye mwenyewe ndiye aliyekesha naye, kwa hiyo anaweza kuja. Dada awepo, na mlango uwe wazi.

Mwalimu alifika na gauni lilelile la kijani na mfuko wa machungwa. Dada akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nadhifu alikuwa amekaa kitandani, losheni imemkaukia, ndevu zimemwota ovyo, hata mteja wake wa siku zote asingemsalimia. Mkono wake ulianza kuinuka kuuficha uso. Akaushusha.

Mwalimu alimtazama polepole, kama anavyokagua gari kabla ya kuondoka. Akakaa, akachukua pamba na chupa.

"Nilikuwa na neno la Jumapili," Nadhifu akasema. "Nitakwambia nikipona."

Mwalimu akaiweka pamba chini. "Basi na mimi nitakuja ukipona. Na ukiota chunusi utaenda kwa mjomba. Tukizeeka je, utahamia huko?" Akainuka, akalishika begi lake, na hapakuwa na mzaha machoni.

"Kaa," Nadhifu akasema. "Nataka nikuoe. Nilitaka nikwambie na shati jipya, lakini nakwambia hivihivi."

Jikoni vyombo vikanyamaza.

"Na madoa yakibaki usoni?" Mwalimu akauliza.

"Yakibaki, utaamka nayo kila siku. Sisafiri tena."

Mwalimu akalirudisha begi sakafuni, akakaa karibu zaidi ya mwanzo, akaichovya pamba kwenye losheni. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini mkono ulikuwa imara.

"Nimekubali," akasema. "Mama utamwambia mwenyewe. Sasa geuka, mgongo bado."